Mama, Tunavuka Daraja

Xiluo, 8 Februari 1984

Dada Luan,

Salamu za mwaka mpya wa kalenda yetu nimeziweka chini kabisa, maana najua ukifungua barua yangu unaruka salamu unatafuta habari mbaya. Haya, habari mbaya ni hii: Mama amelazwa.

Siku ya pili ya mwaka alikuwa uani anafunua mitungi ya soya kuangalia kama mvua imeingia, ingawa mimi nilikuwa nimeshaiangalia na Baba alikuwa ameshamwambia. Akakohoa, akakaa chini juu ya kifuniko, midomo ikawa rangi ya bilinganya. Tukamvusha daraja kwa teksi mpaka hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto. Mapafu, anasema daktari, na moyo nao umechoka kuyasaidia.

Usianze kulia hapo ulipo. Ulimi wake hauumwi kabisa. Anasema uji wa hapa umepikwa na mtu aliyeachwa na mkewe. Ameshagombana na bibi wa kitanda cha pili kwa sababu bibi yule aliletewa sosi ya soya ya kiwanda, na Mama akamwambia mbele ya watoto wake kwamba hayo ni maji ya kuoshea sufuria.

Nimekuwekea humu karatasi ya familia. Kila Jumatano Muuguzi Chiu anatukusanya ndugu wa wagonjwa kwenye ujia na kutusomea: wapi pa kuanika nguo, wapi pa kupasha chakula, nani anaruhusiwa kulala kwenye kiti cha kukunja, mashine ipi inafanya nini, na namna ya kuomba gari la kumrudisha mgonjwa nyumbani. Mama alinitaka nimsomee yote. Nilipofika kwenye gari akasema, "Hapo. Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Basi hapo tu ndipo pana maana, mengine ni habari za kamba za nguo. Sikiliza, Bok. Mimi sifii ng'ambo ya mto. Mnirudishe ningali na pumzi, niingie kwa mlango wangu."

Unajua anamfikiria nani. Ni Mjomba Kheng, aliyegongwa na lori barabarani, akalazwa chini ya turubai nje ya lango kwa sababu aliyefia nje haingizwi ndani. Mpaka leo Mama anamwekea bakuli la wali pale langoni. Anasema kaka yake yuko palepale, anatazama taa za nyumba na hajui aingieje.

Nikamwambia, Mama, wewe utatuzika sote. Akasema hawezi, hana nguo nzuri ya mazishi.

Heri ya mwaka mpya, dada. Baba anakusalimu, yaani alikohoa nilipotaja jina lako.

Mdogo wako,
Bok


São Paulo, 21 Februari 1984

Bok,

Barua yako nimeisoma mara moja. Karatasi ya hospitali nimeisoma mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeanza kusali. Wewe umeandika utani kurasa tatu na hukusema hata kama Mama anaweza kutembea mpaka chooni. Karatasi imeniambia mengi kuliko ndugu yangu wa damu.

Sasa nisikilize, mimi ndiye mkubwa. Ukurasa wa pili, chini ya mchoro wa mashine, wameandika: "Mashine ya kupumulia humsaidia mgonjwa kupumua wakati familia inasubiri ndugu walio mbali." Umeona? Walio mbali ni mimi. Kama wameiandika mimi na wewe tuisome, basi ndivyo ilivyo, watu wa hospitali hawaandiki kwa kubahatisha. Akizidiwa, awekwe kwenye mashine, na msimtoe mpaka nifike. Baba ataanza na mlango wake na mababu wake. Mwambie Luan amesema mlango hauendi popote.

Pasipoti yangu imekwisha muda na ofisi inayozitoa hapa inafanya kazi kama kobe aliyeshiba. Nikiipata napanda ndege siku hiyohiyo, ingawa kutoka huku ni kubadilisha ndege hapa na pale mpaka mtu anasahau anaenda wapi.

Miaka kumi na moja, Bok. Siku naondoka Mama alikuwa anafunga vimtungi vya sosi ndani ya mashuka yangu. Nikamwambia kwa ukali, maana sanduku lilikuwa limejaa, "Mama, hata Brazili kuna chumvi." Akavitoa kimoja kimoja akavirudisha kabatini. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia ana kwa ana. Kuna chumvi. Siwezi kuliacha liwe la mwisho. Nikifika nitakaa karibu na kichwa chake nimwambie vingine, hata kama ana mpira mdomoni, hata kama hajibu, mradi awe anasikia.

Kwa hiyo niahidi. Tena kwa maandishi, maana ahadi zako za mdomo nazijua tangu siku ulipokula kuku wa sadaka ya mungu wa kike Mazu ukasema ni paka.

Dada yako,
Luan


Xiluo, 5 Machi 1984

Dada Luan,

Jana wamemwekea mashine. Wodi nzima imepata amani na bibi wa kitanda cha pili anakula sosi yake bila woga. Sikujua kimya cha Mama kinaweza kuuma namna hii.

Barua yako ilifika asubuhi ileile. Nilimsomea sikioni. Ile habari ya kuku niliiruka, halafu nikaona aibu nikamsomea na yenyewe. Nilipofika kwenye "nikifika nitakaa karibu na kichwa chake" akanishika mkono na kuanza kuandika kwa kidole kiganjani mwangu. Unajua hakusoma. Neno pekee alilojifunza kuandika maishani ni jina lako, ili azitambue barua zako, mtu wa posta asije akampa mtu mwingine. Na jina lenyewe Baba alikupa lenye mistari mingi kama uzio kwa maandishi yetu! Alifika katikati akachoka, akaanza tena mwanzo, akachoka.

Baba anakuja kila siku na basi la asubuhi, amevaa koti lake la harusi za watu. Anasimama miguuni pa kitanda, ananiuliza neno moja tu: "Leo?" Namwambia, "Bado, Baba. Tunamsubiri Dada." Anakaa. Hajabishana nami, nawe unajua kwamba Baba asipobisha ni mbaya zaidi.

Haya, ahadi yako hii hapa, imeandikwa kwa kalamu ya Muuguzi Chiu aliyesimama pembeni yangu: sitamtoa Mama humu mpaka ufike.

Njoo haraka.

Bok


São Paulo, 2 Mei 1984

Bok,

Barua yako ya tarehe tano Machi ilipishana nami angani. Nimeikuta chini ya mlango niliporudi huku, nimevaa bado nguo za msiba. "Sitamtoa Mama humu mpaka ufike." Nimeibandika ukutani ili nisije nikakusamehe kwa bahati mbaya.

Pale nyumbani nilinyamaza kwa sababu ya wageni na kwa sababu ya Baba. Sasa hakuna wageni.

Nilishuka kwenye teksi pale njia panda ya hekalu, majirani wakaniambia Mama ameshafariki, nikapiga magoti, nikatambaa mpaka nyumbani nikimlilia, kama inavyompasa binti aliyechelewa. Magoti yakachubuka. Wake za majirani walinishika mabega wakilia nami, nami moyoni nilikuwa nasema labda, labda wamekosea, labda yuko hospitali bado na mashine yake. Nikafika mlangoni nikamkuta amelazwa sebuleni mbele ya mababu, uso umefunikwa. Na watu wote wananiambia kwa furaha kabisa: mama yenu ana bahati, aliingia na pumzi yake, wamemtoa mfuko wa hewa wa kubinya kwa mkono hapahapa sebuleni na hapohapo akakata roho. Jana, wakasema. Jana, Bok! Nilikuwa Tokyo nasubiri ndege, nakula tambi.

Siku moja ndiyo iliyokushinda. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Karatasi yao wenyewe imesema ni ya kusubiria ndugu walio mbali. Mtu aliyemchomoa Mama kwenye mashine ile akampakia garini ni wewe, kwa sababu Baba alisema "Leo?" na wewe hujawahi kumwambia Baba hapana tangu uzaliwe. Mmechagua mlango, mkaniacha mimi na chumvi yangu.

Wakati wa mazishi ulikuwa hunitazami usoni. Nilifikiri ni huzuni. Sasa najua ni nini.

Usiniandikie.

Luan


Xiluo, 19 Mei 1984

Dada Luan,

Umesema nisiandike, nami hii si barua, ni karatasi ya kuzungushia mtungi.

Uliyosema nimeyapokea. Ndiyo, sikukusubiri. Nilaumu mimi. Baba usimguse, yeye alisimama tu pale miguuni na koti lake. Wala usiwalaumu wa hospitali, walitutendea kama ndugu zao.

Sosi iliyo ndani ya mtungi huu ni ya mitungi ile aliyokuwa anafunua siku ya pili ya mwaka. Imeiva mwezi huu. Najua Brazili kuna chumvi.

Muuguzi Chiu aliniita wiki iliyopita. Wanaiandika upya karatasi ya familia, naye anataka kusikia kutoka kwa walioitumia ni wapi hawakuelewa. Nikamwambia mimi ni mpika soya, aite walimu. Akasema walimu wameshaisoma wakasema ni nzuri sana. Basi nilikaa naye kwenye ile benchi ya ujiani, nikamwomba aongeze kitu kimoja kwenye ukurasa wa pili. Akaandika, kisha akaondoka ghafla akaenda kunawa uso.

Jihadhari na baridi, huko kwenu sasa ndiyo inaanza.

Bok


São Paulo, 10 Juni 1984

Kwa Baba yangu mpendwa,

Naandika kwako kwa sababu na Bok siongei. Najua hupendi barua. Mwambie mtu yeyote akusomee isipokuwa yeye.

Mtungi umefika salama. Sijaufungua. Nauweka juu ya friji, naupangusa vumbi, basi.

Baba, nina swali moja na silali kwa ajili yake. Pale sebuleni, mlipomtoa ule mfuko wa hewa, Mama alikataje roho? Alifumbua macho? Alitazama mlangoni? Kila mtu anasema alikuwa anamngoja mtu. Kama alitazama mlangoni alikuwa ananitafuta mimi, nami nataka kujua, hata kama jibu litaniua. Bok nikimwuliza ataniambia la kunipendeza au la kuniumiza, na yote mawili siyataki. Wewe hujui kupamba maneno. Niambie wewe.

Binti yako mtovu wa shukrani,
Luan


Xiluo, 1 Julai 1984

Luan,

Ni mimi baba yako. Usicheke mwandiko. Mara ya mwisho niliandika barua Wajapani walikuwa bado hapa. Bok amepeleka sosi sokoni, nimepata meza peke yangu.

Umeuliza mama yako alikataje roho sebuleni. Hakukata roho sebuleni.

Siku ile mchana daktari alisema presha inashuka. Nikamwuliza Bok, "Leo?" Akasema, "Baba, Dada ametuma simu, anafika kesho. Kesho tu." Alikuwa analia. Baadaye kidogo akaniambia nishuke nimtafute dereva wa gari la wagonjwa nimwambie akae tayari. Nikashuka. Niliporudi juu nikamkuta yeye na yule muuguzi wamesimama huku na huku ya kitanda, hawatazamani. Mama yako ameshatolewa kwenye mashine, ana mfuko wa hewa usoni, Bok anaubinya. Muuguzi akaniambia, "Mzee, pumzi ipo bado. Mpelekeni nyumbani haraka."

Garini mimi nilikaa miguuni. Miaka arobaini na saba mama yako ameniwekea miguu yake ya baridi kwenye mashavu ya miguu yangu kila kipupwe, na mimi nimemtukana kila kipupwe. Miguu ile naijua. Niliishika kabla hatujafika darajani. Haikuwa baridi ile ninayoijua. Alikuwa ameshaondoka, Luan. Mashine ilikuwa inasukuma hewa na mwenyewe hayumo. Aliondoka nikiwa kwenye ngazi.

Bok alibinya ule mfuko kutoka hospitali mpaka mlangoni kwetu. Alijua. Alifanya hivyo ili mama yako aingizwe ndani, asilazwe nje kama Kheng. Na alifanya ili mimi nisijue. Basi nikajifanya sijui. Nilimgombeza garini kama ninavyomgombeza siku zote, ili aamini. Sebuleni akautoa mfuko, akatangaza saa kwa sauti, watu wakalia. Nami nikalia, hapo sikujifanya.

Kwa hiyo ukisema Bok hakukusubiri, unakosea. Alikusubiri mpaka hapakuwa na wa kusubiri naye. Hataki ujue kwa sababu ukijua utasema ni wewe uliyemchelewesha Mama ng'ambo ya mto. Amechukua yeye lawama. Amekuwa hivyo tangu mdogo. Hata yule kuku wa Mazu hakumla yeye peke yake, ulimla wewe mapaja yote mawili, nilikuona.

Nimefikiri sana kama nikwambie. Mimi ni mzee. Nikifa ninyi wawili hamsemezani, nitakuwa nimelea watoto bure.

Usimwambie Bok kwamba najua. Kila asubuhi ananitazama usoni kuona kama nina amani, nami namwonyesha.

Nimemwuliza mama yako mwenyewe. Nilirusha vile vibao viwili vya kuulizia wafu mbele ya picha yake nikamwuliza, "Uko ndani?" Mara ya kwanza vikaanguka vyote chali, yaani ananicheka. Mara ya pili akanicheka. Mara ya tatu akasema ndiyo, yumo. Hajawahi kunijibu mara ya kwanza maisha yake yote, kwa hiyo nimeamini. Lakini bado ninaweka bakuli la pili langoni, pembeni mwa la Kheng. Kama hakuingia, asishinde njaa.

Zamu yangu ikifika, nirudisheni mapema. Msimsubiri mtu. Hata wewe.

Fungua mtungi. Sosi ni ya kula.

Baba


São Paulo, 16 Julai 1984

Bok, mdogo wangu,

Nimebandua ile barua ukutani. Usiniulize kwa nini nimebadilika, chukulia ni uzee. Huku wanasema mwanamke akifika miaka yangu anaanza kufikiri.

Nimeisoma tena ile karatasi ya zamani ya hospitali. Niliisoma vibaya, Bok. Si kosa la karatasi. Waliandika mashine humsaidia mgonjwa, na mimi nikasoma kwamba mashine humshikilia. Nilikuwa mbali na nilitaka kitu cha kushika, nikashika mstari mmoja, nikakuamrisha nao. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema hivi na wewe hutanibishia: niliyokuandikia mwezi wa tano nayafuta yote. Yachome. Choma na ile sahani niliyoivunja siku ya arobaini na tisa ya msiba, kama bado unayo vipande, maana najua huwa unavitunza.

Mtungi nimeufungua. Nilipika wali mtupu, nikamwagia sosi, nikala nimesimama jikoni. Mume wangu Heng alinikuta hapo, akaniuliza nalia nini, nikamwambia ina chumvi. Akaonja akasema mbona iko sawa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu sikuweza kuinuka.

Nina ombi, na kama hutaki usinijibu. Najua mlipomrudisha mlipita darajani, na anayekaa kichwani ndiye anayemwambia mgonjwa mahali walipofika, ili roho isibaki nyuma njiani. Hiyo ingekuwa kazi yangu. Niambie ulimwambia nini. Sina haja ya mengine, ya hospitali wala ya sebuleni. Daraja tu. Nami nilitaka kuwa kwenye daraja lile.

Dada yako, aliyekula mapaja yote mawili,
Luan


Xiluo, 4 Agosti 1984

Dada Luan,

Vipande vya sahani ninavyo, navitumia kuzuia makaratasi yasipeperuke. Barua ya mwezi wa tano ilishapotea zamani. Labda paka.

Karatasi mpya ya familia imetoka, nakuwekea humu. Picha ya mashine ni ileile. Chini yake Muuguzi Chiu ameacha ule mstari wa ndugu walio mbali, kisha akaongeza ule niliomwomba: "Mashine humpa mgonjwa hewa, haimpi muda. Kama mnataka arudi nyumbani angali hai, msisubiri mpaka wote wafike." Anasema Jumatano anapofika hapo watu wanaanza kuuliza maswali ambayo zamani hawakuuliza. Wiki iliyopita mzee mmoja alirudishwa kijijini kwake akafika, akaishi mpaka jioni, akaomba chai.

Baba hajambo. Ila umri umeanza kumchezea: siku hizi anaweka mabakuli mawili ya wali langoni badala ya moja. Nilimwuliza, akasema Mjomba Kheng amepata mwenzake. Nimemwacha. Ana amani, namtazama kila asubuhi.

Umeniuliza daraja. Haya.

Lilikuwa jekundu, wamelipaka upya. Mto ulikuwa mkavu kwa sehemu kubwa, watu wamelima matikiti kwenye mchanga, si unajua majira yale. Mimi nilikaa kichwani, mfuko mkononi, Baba miguuni. Tulipotoka hospitali nilimwambia, "Mama, tumetoka, tunaenda nyumbani." Kwenye taa za barabarani nikamwambia, "Mama, tunakata kona, usishuke." Tulipofika mwanzo wa daraja nikasema, "Mama, tunavuka daraja. Mama, tunavuka daraja." Linajua kuwa refu lile daraja, dada. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Nikaona aibu kusema neno moja tu, nikaanza kumweleza: hapa chini wanalima matikiti, hapa ndipo kofia ya Baba ilipoanguka mtoni siku ya harusi ya Luan. Luan yuko Tokyo, Mama, keshapanda au anakaribia kupanda, mtakutana nyumbani. Hilo nililisema mara nyingi kuliko yote. Kwa hiyo ulikuwepo kwenye daraja. Niliona vizuri ujue.

Mkono wangu ulikuwa unabinya ule mfuko haraka kama mtu anayezima moto, siwezi kukueleza kwa nini, nilidhani nikienda haraka. Sijui nilidhani nini. Baba alikuwa amekaa ameshika miguu ya Mama ndani ya koti lake. Katikati ya daraja akainua uso akanigombeza kama ninapomimina soya nikamwaga. Akasema, "Polepole, Bok. Utamchosha mama yako."

Basi nikapunguza, na kipande kilichobaki tukakivuka polepole.

Mdogo wako,
Bok